Kazi kisiwani, mtoto ng'ambo



Mwezi huu tuzungumze habari ya mama aliyeajiriwa na mtoto wake mchanga. Wengi wetu hudhani kwamba shida huanza siku ya kurudi kazini. Sivyo. Shida huanza mapema, pale ambapo hatukukaa chini na mume, na mwajiri, na kalenda, tumbo lingali dogo.

Ili tuelewane, tutazame mfano ulio mgumu. Jirani na kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Shungimbili. Ni eneo tengefu la bahari, kama walivyo wenzake Nyororo na Mbarakuni. Hakina kijiji wala soko. Tangu mwaka 2016 ipo huko nyumba ya kupokea watalii, ambayo hukodishwa nzima kwa kundi moja la wageni. Kazi ya mahali pa namna hii kwa kawaida si ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mtu hulala huko huko mpaka zamu yake iishe, bahari ikiwa kati yake na nyumbani. Hatumsemi mwajiri yeyote. Tunauliza tu: mama mwenye mtoto wa miezi 3 akiitwa zamu mahali kama hapo, atamnyonyeshaje?

Hesabu ya siku

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hutumika Tanzania Bara yote, Mafia ikiwamo. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Nao wataalamu wa afya wanatuambia mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6. Miezi 6 ni siku 180 hivi. Ukitoa 84, zinabaki 96. Siku hizo 96 ndizo zinazowaliza akina mama wengi.

Kwa mama wa kisiwani pengo huwa kubwa zaidi. Sheria inaruhusu likizo ianze wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua. Mama wa Kilindoni mwenye afya njema na kazi nyepesi anaweza kufanya kazi mpaka karibu na siku yake, akaziweka siku zake kwa ajili ya mtoto. Lakini wa kisiwani hathubutu. Uchungu hausubiri boti, na bahari ikichafuka hakuna wa kuituliza. Akianza likizo mapema hivyo, atatakiwa kazini mtoto akiwa na wiki 8 tu.

Yafaa basi aombe mapema apewe kazi ya nchi kavu kwa wiki za mwisho: kupokea mizigo, kuagiza vyakula sokoni, kuandika hesabu. Tena sheria inamtaka ampe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Taarifa hiyo ndiyo nafasi yako ya kuzungumza yote. Iandike, ubaki na nakala.

Usisahau pia likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28. Mkikubaliana na mwajiri kuiunganisha na ile ya uzazi, 84 zinakuwa 112, yaani wiki 16.

Arobaini si ya kazi

Wazee wetu wa pwani walijua walichofanya walipomweka mzazi ndani siku 40, akakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Sheria nayo imekaribia hapo hapo: mama haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza.

Siku hizi, hata hivyo, kazi huja kitandani kwa simu. "Mama, samahani, funguo za stoo ziko wapi?" Kesho yake ni orodha ya mashuka, keshokutwa ni hesabu za mwezi. Kabla ya kuondoka, andika daftari la makabidhiano: funguo, madeni, wauzaji na namba zao. Mkabidhi mwenzako mbele ya mkubwa wenu. Ukishafanya hivyo, simu ikae mbali na kitanda bila dhamiri kukusuta.

Saa 2 ambazo bahari huzila

Ukirudi kazini, sheria inakupa nafasi ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Kwa mwalimu au karani anayeishi karibu, hiyo ni neema kubwa. Kwa aliye ng'ambo ya maji, saa hizo zimo kwenye karatasi tu.

Zipo njia tatu za kuzungumza na mwajiri. Ya kwanza ni kubaki kwenye kazi za nchi kavu mpaka mtoto afike miezi 6. Ya pili ni kubadilishana zamu na mwenzako, nawe umlipe siku hizo baadaye. Ya tatu ni mtoto na mlezi wake wakae karibu na mama, kama mahali pa kazi panaruhusu na pana usalama. Mwajiri mwenye hekima hujua kwamba ni nafuu kumngojea mfanyakazi mzoefu miezi mitatu kuliko kumfundisha mgeni.

Ukilazimika kumwacha mtoto kutwa, jifunze kukamua maziwa wiki mbili kabla ya kurudi. Nawa mikono, tumia chombo safi chenye kifuniko. Penye ubaridi hukaa saa 4; ndani ya friji hukaa hadi siku 4. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo kisafi, kwani chupa ni ngumu kusafisha. Nawe kazini kamua kila baada ya saa tatu hivi, la sivyo maziwa yatakauka.

Baba naye

Sheria inampa baba siku zisizopungua 3 ndani ya siku 7 za kwanza. Ni chache, lakini malezi hayaishii kwenye likizo. Katika 1 Samweli tunasoma kwamba Hana hakupanda na jamaa yake kwenda kutoa dhabihu ya mwaka mpaka alipomwachisha Samweli ziwa. Alimweleza mumewe, na Elkana akakubali. Ilikuwa ibada yenyewe, tena ya kila mwaka, na bado ilimngoja mtoto anayenyonya. Je, orodha ya mashuka haiwezi kungoja?

Dada mwenye mimba ya miezi minne au mitano, usingoje. Wiki hii chukua kalenda, mkae na mume wako, mhesabu: tarehe ya taarifa, siku ya kuanza likizo, siku ya kurudi, na umri wa mtoto siku hiyo. Ukishaujua umri huo, utajua la kumwomba mwajiri wako, nawe utaliomba ukiwa bado na muda.