Laptopu ya Ex-UK ama Tableti Mpya? Kabla Utoe Ganji ya Mathee, Soma Hii

Leo hakuna stori ya nani ameachana na nani. Leo ni stori ya thao 28, na nina uhakika wewe ama mtu wa kwenu mko kwa hii story saa hii.

Zamu ya mathee kwa chama ilifika mwezi jana. 28,000, mkononi. Siz wangu amepata nafasi ya diploma, anaingia Septemba, na mathee akaweka hizo doo juu ya meza akasema hii ni ya mashine, si ya nywele na si ya viatu. Siz anataka tableti, ile iko na kava ya pinki na kibodi ndogo, aliiona TikTok. Mathee anataka "kompyuta ya ukweli, ile inafunguka kama kitabu." Halafu wote wawili wakaniangalia mimi, juu mimi ndio nashinda kwa mtandao. Hawakukumbuka kwamba huyu mtaalamu wao aliacha koleji mwaka wa pili, na tableti yake iko chini ya kitanda ikikusanya vumbi.

Hiyo tableti tutaifikia. Kwanza twende tao.

Ukishuka 58 upige raundi Moi Avenue, Luthuli mpaka Kimathi Street, utaona kitu moja. Kila duka iko na laptopu zile zile tatu: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Umewahi jiuliza mbona hizo tu? Ni juu hizo ni mashine za ofisi. Kampuni ya Uingereza inachukua laptopu mia tano siku moja, wafanyakazi wanazitumia miaka mitatu, minne, halafu zinatolewa zote siku moja. Zinauzwa kwa jumla, zinapanda meli, zinafika hapa zinapanguswa, zinaitwa ex-UK. Ni kama tu Gikomba, sema hii mtumba iko na betri.

Sasa kuna kitu imeongeza huo mzigo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Ukitaka kuhamia Windows 11, mashine lazima iwe na chipu inaitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna chache sana zimepewa ruhusa chini ya hapo. Hicho kizazi cha 8 kilianza kutoka 2017. Maanake laptopu ya 2016, hata kama inaruka kama nganya mpya, kwa ofisi ya Manchester ni mzigo. Hakuna mkubwa wa IT atakubali mashine haipati ulinzi ikae na data za wateja. Zinatolewa. Na zikitolewa, zinatafuta soko, na soko ni wewe na mimi.

Kwa hivyo ukiona bei imeshuka usifikirie tu mwenye duka ameokoka. Unauziwa kitu ambacho mtu mwingine ametoroka.

Je, ni mbaya hivyo? Nitakuwa mkweli: mashine ya kizazi cha 6 itaandika assignment, itafungua YouTube, itaingia eCitizen. Haitalipuka. Shida ni kwamba ukiingiza pasiwadi ya benki hapo, hakuna mtu anaziba mashimo tena. Microsoft ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja kwa watu wa kawaida, lakini hiyo inafika 13 Oktoba 2026 halafu imeisha. Duka nyingi zitakuwekea Windows 11 kwa kuruka ule mtihani wa chipu, na itawaka vizuri mbele yako. Lakini Microsoft wenyewe wamesema mashine kama hiyo haina haki ya kudai masasisho. Leo zinakuja, kesho zikikatwa hutampigia nani simu.

Kuna njia ya tatu, Linux Mint ama Ubuntu. Ni ya bure na kwa mashine mzee inateleza. Mimi naipenda. Lakini usimwekee mtu anaenda kusomea uchoraji wa majengo, juu AutoCAD haina toleo la Linux, na utapigiwa simu kila usiku.

Sasa hapa ndio wasee wengi hupigwa. Unaingia duka, jamaa anakuambia, "Boss, hii ni Core i5." Anasema hivyo kama amemaliza mjadala. i5 ya 2012 na i5 ya 2020 zinashare jina tu, ni kama kusema nyumba ni ya Buru bila kusema ni Phase gani. Angalia namba inafuata. i5-6300U, hiyo 6 ya mbele ndio kizazi. i5-7300U ni ya 7, bado iko nje. i5-8350U, hapo umefika. Ukiona namba tano kama i5-10310U, hiyo ni ya 10. Kwa EliteBook 840, G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, na G5 kwa kawaida ni cha 8, lakini usiamini stika. Stika inabandikwa na mtu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, enda kwa sehemu ya utendaji, jina la prosesa liko hapo juu, na RAM pia. Chini ya GB 8 usikubali. Kama diski ni ile ya kuzunguka na si SSD, omba wabadilishe ama uende.

Kabla nimalizie hiyo, wacha nikukumbushe kwamba serikali yako pia ilikaa kwa hii meza ya laptopu ama tableti. 2013 Jubilee waliingia na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tenda ikapewa Olive Telecommunications ya India, ikapingwa, ikafutwa 2014. Kufika 2016 laptopu ilikuwa imegeuka tableti, zikaletwa na Moi University wakiwa na JP SA Couto ya Ureno, na JKUAT wakiwa na Positivo BGH. Zaidi ya vifaa milioni moja vilienda mashuleni. Shule zingine walimu walizifanyia kazi, lakini zingine zilifungiwa stoo juu stima ilikuwa noma, ama hakuna aliyefunzwa kuzitumia vizuri. Miaka mitatu watu walibishana ni kifaa gani, na swali la kitafanya kazi gani siku ya Jumanne saa nne asubuhi halikupata jibu.

Na mimi nilifanya hiyo makosa, kwa bei yangu.

Nilipoacha koleji nilikuwa nimeskia wasee wa mtaa wanafanya transcription, unaskiza sauti ya mzungu unaandika, unalipwa kwa dola. Sikuwa na doo ya laptopu. Nikachukua tableti ya lipa pole pole. Dipoziti 3,500, halafu soo kasoro kumi kila siku kwa mwaka mzima. 90 bob ni nini? Ni chapo mbili na madondo. Lakini fanya hesabu, mimi sikufanya: 90 mara 365 ni 32,850. Ongeza dipoziti, 36,350. Hiyo tableti kwa duka, pesa taslimu, ilikuwa karibu thao 20.

Kufika nyumbani, ile tovuti ya kazi ikakataa. Ilitaka brauza ya kompyuta. Nikahangaika nikapata nyingine ndogo yenye ilikubali tableti, nikapewa faili la dakika arobaini, nikakaa nalo usiku. Sasa wiki hiyo nilikuwa nimesota, malipo ya siku mbili yalikuwa yamenipita. Saa sita usiku, nikiwa dakika ya thelathini na moja, skrini ikajifunga. Lipa kwanza. Nikagonga mlango wa jirani kuomba soo mbili, akaniangalia kama mwizi. Mpaka nipate doo asubuhi, kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine na akaunti yangu ikapigwa alama ya kuchelewa. Hawakunipa kazi tena.

Simlaumu mtu wa tableti, mkataba ulisema hivyo. Lakini tukiambiwa hii lipa pole pole inafungulia vijana milango, uliza pia ni nani amebaki na ufunguo.

Hiyo haimaanishi tableti ni takataka. Kama wewe ni wa kuchora, wale wasee wa pale Buruburu Institute of Fine Arts watakuambia, tableti nzuri na kalamu yake inafanya vitu laptopu ya thao 30 haiwezi ota. Kusoma PDF kwa mat, betri ya siku nzima stima ikipotea, mtoto wa CBE kuangalia masomo, sawa. Ila ukinunua iPad ya mtumba chunga sana. Mwambie muuzaji aifute kabisa mbele yako, aiwashe upya. Ikiitisha Apple ID ya mtu humjui, ama iseme inasimamiwa na shule ama kampuni fulani, rudisha kwa kaunta polepole. Utakuwa umenunua kioo.

Turudi kwa laptopu, juu hata hiyo iko na mitego yake ya kufungwa. Izime, iwashe, na ikiwaka tu gonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Hapo unaingia kwa BIOS. Ikiitisha pasiwadi na muuzaji anaanza kucheka cheka, toka. Halafu betri: fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika powercfg /batteryreport. Itakupa ripoti yenye namba mbili, uwezo iliyozaliwa nao na uwezo imebaki nao. Ikiwa imebaki nusu, hiyo ni punguzo lako la bei. Usiskie aibu kusimama hapo dakika ishirini. Fungua kurasa nyeupe uone kama skrini iko na madoa, ongea kwa maikrofoni, jione kwa kamera, unganisha na hotspot ya simu yako. Gonga kila herufi. Ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3, hiyo ni sawa, lakini zile za Ufaransa herufi A iko mahali pa Q, na utazoea ukiwa umeshafeli CAT.

Risiti iwe na namba ya mashine na muda wa waranti, kwa maandishi. Wataandika chini "mali ikiuzwa hairudishwi." Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inasema bidhaa lazima iwe ya ubora unaofaa, na hayo maandishi ya risiti hayafuti hiyo haki. Mahakama ya madai madogo iko Milimani tangu 2021, inachukua kesi mpaka milioni moja, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Najua, hakuna mtu wa Buru anataka kuonekana kortini juu ya laptopu. Lakini kumtajia tu muuzaji hiyo korti hubadilisha sauti yake.

Na ikikufia kabisa, usimpe tu mtu wa mkokoteni. Hapo Dandora si mbali na sisi, ule moshi wa nyaya zikichomwa kutoa kopa unajua unavuma ukielekea wapi.

Tulienda Jumamosi, watatu. Duka la kwanza waliitisha 24 kwa G3, siz akasoma ile 6 kabla mimi, nikaskia proud kiasi. La pili BIOS iliitisha pasiwadi. La tatu mathee alikataa juu kijana hakumsalimia. La nne tulipata 840 G5, i5-8350U, GB 8, SSD ya 256, wakaanza 31,500. Ripoti ya betri ilisema imebaki asilimia 62. Nikaweka hiyo ripoti mezani, mathee akaweka zake za Mutindwa, zile za kutembea hatua tatu ukirudi. Tukalipa 27,500, miezi sita ya waranti kwa maandishi. Mia tano iliyobaki ilikuwa nauli na chipo.

Saa hii iko kwa meza ya sitting room. Mathee ameuliza mara mbili hiyo alama ya pauni ni ya kazi gani. Huko chini kuna kibandiko cha ofisi ya watu, namba ya mali ya kampuni ambayo imekwaruzwa nusu, na siz ameketi na kucha akimalizia kuitoa. Kava ya pinki ameshapata mtu anauza, soo nane. Anasema hiyo ni juu yangu.