Binti wa Msasani na hesabu ya madeni



Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri tulijiwa katika ofisi ya msikiti na mama mmoja anayekaanga samaki hapa Msasani. Hakuja kwa habari ya ndoa wala ya mazishi, mambo ambayo ndiyo hutuletea wageni wengi. Alikuja kwa ajili ya binti yake, mtumishi wa benki moja mjini, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akikesha na kitabu kinene cha Kiingereza. Binti anajitayarisha kwa sehemu ya pili ya mtihani wa FRM, cheti cha wataalamu wa vihatarishi vya fedha kinachotolewa na chama cha GARP, chenye makao yake New Jersey, Marekani. Ada imetoka pande mbili: mshahara wa binti na karai la mama.

"Ustadh," alituambia, "jirani yangu anasema mwanangu anasomea riba. Kama ni kweli, basi nimelipia haramu kwa jasho langu. Niambieni, nimzuie au nimwache?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba arudi wiki iliyofuata pamoja na binti na kitabu chenyewe. Tunakiri kwamba chuoni tulisoma milango ya biashara, rehani na dhamana, na tukaihifadhi aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ya deni, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'an. Lakini hatukuwahi kuketi na mtu anayepima kwa tarakimu uwezekano wa deni kutolipwa, na kutoa fatwa juu ya kitu usichokijua ni kumdhulumu aliyekuuliza.

Walikuja. Binti alitueleza kuwa sehemu hiyo ya mtihani ina maswali 80 kwa saa 4, na kwamba kihatarishi cha mikopo kinachukua asilimia 20 na kihatarishi cha soko asilimia 20 nyingine. Kisha akakifunga kitabu na kuomba daftari la mama yake.

Mama huyo huwapa kina mama wachuuzi samaki kwa mali kauli: wanachukua asubuhi kwa neno tu, wanalipa jioni au mwisho wa wiki. Kitabu, alisema binti, kinauliza mambo matatu juu ya kila mdaiwa. Kuna uwezekano gani kwamba hatalipa? Siku atakaposhindwa atakuwa anadaiwa kiasi gani? Na katika kiasi hicho, kipi kitapotea kabisa baada ya kufuatilia na kuuza dhamana? Zidisha matatu hayo, unapata hasara ya kutarajiwa. Tuseme wachuuzi ni 100, kila mmoja anadaiwa shilingi 50,000, wanne kati yao hawatalipa, na kwa asiyelipa asilimia 60 ya deni haipatikani tena. Hasara ni shilingi 120,000, yaani 1,200 kwa kila mchuuzi, awe mwaminifu au asiwe. Benki isiyoijua tarakimu hiyo ndiyo inayojikuta na mikopo chechefu, ikashangaa mtaji umekwenda wapi.

Mama alisikiliza kwa makini, kisha akasema neno ambalo tumelifikiri tangu siku ile. "Hesabu yako nzuri, mwanangu, lakini mimi simwogopi mmoja asiyelipa. Naogopa kusi. Bahari ikichafuka samaki hakuna, na hapo hawashindwi wanne. Wanashindwa wote."

Binti alicheka, akafungua kitabu kwenye sura aliyosema ndiyo inayomtoa jasho: namna madeni yanavyoanguka kwa pamoja. Wakopeshaji wa nyumba wa Marekani walijenga hesabu zao wakidhani wadaiwa wa mji huu na wa mji ule hawatashindwa kwa wakati mmoja. Bei za nyumba ziliposhuka nchi nzima, kusi yao ikavuma, na mwaka 2008 benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Mama yetu wa Msasani analijua jambo hilo kwa kuitazama bahari tu.

Kwenye kihatarishi cha soko aliyefundishwa ni sisi, na somo lilituuma. Mwaka 2023 kamati yetu ilikubaliana na mfanyabiashara juu ya mazulia ya dola 6,000. Dola ilikuwa karibu shilingi 2,350, nasi tukatangaza lengo la shilingi 14,100,000, tukachangisha Ijumaa baada ya Ijumaa. Mwaka uliofuata, tulipokamilisha, dola ilikwishapita shilingi 2,600 na mazulia yaleyale yakahitaji zaidi ya shilingi 15,600,000. Waumini waliuliza pengo la milioni moja na nusu limetoka wapi. Baadhi walimshuku mfanyabiashara, na baadhi, tusifichane, walitushuku sisi. Katibu mwenye shahada ya sharia alisimama mbele ya safu akikosa maneno. Binti alitueleza kwa dakika mbili: mlikuwa mnadaiwa kwa fedha moja na mnakusanya kwa fedha nyingine, na bei kati ya hizo mbili haikai mahali pamoja.

Tulimuuliza dawa. Kitabu chake kinataja mkataba wa kununua dola za tarehe ya mbele kwa bei ya leo. Hapo fiqhi ina neno, kwa sababu kubadilisha fedha kwa fedha hutakiwa kuwe mkono kwa mkono, si ahadi kwa ahadi. Lakini hakuna kilichotuzuia kununua mazulia safu moja moja kadiri michango ilivyoingia. Hilo ni halali, ni rahisi, na halikutujia akilini.

Aligusa pia kipimo wanachokiita thamani iliyo hatarini: kiasi cha hasara ambacho katika siku 99 kati ya 100 hutakipita. Siku ya mia kipimo hakiisemi, na ndiyo siku inayozamisha vyombo. Kamati ya Basel, inayoweka viwango vya usimamizi wa benki duniani, katika kanuni zake za soko za mwaka 2019 ilikiacha kipimo hicho na kutaka upimwe wastani wa hasara za siku mbaya zenyewe.

Sasa swali la mama. Tulilijibu hivi. Kupima hatari si riba. Riba ni ziada inayowekwa juu ya deni. Na tena, anayeikimbia riba anahitaji elimu hii kuliko anayeila. Tazama mkopo wa kausha damu: mkopeshaji hana haja ya kukupima vizuri, maana ukichelewa deni linakua, na ukishindwa anabeba kochi. Lakini benki inayouza bajaji kwa murabaha inainunua kwanza na kuimiliki. Bajaji ikiwa mikononi mwake, bei ikishuka au mteja akighairi, hasara ni yake: hicho ni kihatarishi cha soko. Ikishamuuzia kwa malipo ya awamu, kinageuka kihatarishi cha mkopo, na bei iliyokubaliwa haiwezi kuongezwa hata shilingi moja kwa sababu ya kuchelewa. Aliyekwama kweli, aya ya 280 inaamuru apewe muda. Mwenye kufungwa mikono namna hiyo baada ya mkataba hana budi kufungua macho kabla yake. Ndiyo maana Bodi ya Huduma za Fedha za Kiislamu ya Kuala Lumpur ilitoa mwongozo wa vihatarishi tangu mwaka 2005, na ndiyo maana Amana Bank, iliyoanza hapa nchini mwaka 2011, haiwezi kuendeshwa kwa nia njema peke yake. Mafakihi wetu walikataza kuuza samaki aliye bado majini kwa sababu ya gharar. Kuijua gharar ilipo ni elimu.

Hatukumficha upande wa pili. Mikataba atakayoiandika katika benki ya riba ni swali jingine, na makemeo yaliyopokewa kwa Mtume (s.a.w.) kwa mwandishi wa riba ni mazito. Binti alijibu kabla ya mama yake: anatafuta cheti hicho ili ahamie kwenye huduma za Kiislamu, na huko wanaomwita kwenye usaili humuuliza cheti kwanza. Tulimwambia nia hiyo aiwekee muda, isibaki nia tu.

Mama alikunja daftari lake. Aliuliza kama katika hesabu zile kuna mahali pa kuandika kusi. Binti akamwambia wapo wanaoijaribu, wanachukua mwaka mbaya uliowahi kutokea na kuupitisha juu ya madeni ya leo kuona nani atabaki amesimama. Mama akamtaka amfanyie hivyo kwenye daftari, kuanzia wachuuzi wa miezi ya Juni na Julai.

Mtihani ni mwezi Novemba, insha Allah. Nyumbani kwao ni chumba kimoja na watoto ni wengi, hivyo kamati imeridhia atumie darasa la kina mama kila siku baina ya Magharibi na Isha. Tunaomba wazazi wenye watoto wa madrasa wawachukue mapema saa hizo.