Kiache Kinoo Dukani

KIBARAZANI
Na Hamad Shomari

Kinachoharibu nyembe nyingi za wanaoanza si kutu wala kudondoka sakafuni. Ni kinoo. Mtu kanunua wembe wa kukunja, kajaribu kunyoa, kaona ndevu zinang'oka badala ya kukatika, basi huyo mbio kwenye kinoo. Kufika jioni wembe unafaa kumenyea viazi.

Ushauri wangu utawaudhi wapenda vifaa: anayeanza asinunue kinoo hata kimoja kwa miezi mitatu ya mwanzo. Pesa hiyo ampe fundi anayejua, amnolee wembe mara moja vizuri. Hata wembe mpya wa Solingen, mji wa Ujerumani uliojijengea jina kwa visu na nyembe, mara nyingi hutoka kiwandani bila makali ya kugusishwa shavuni. Na mtu ambaye ngozi yake haijawahi kuonja wembe ulionolewa sawasawa hana kipimo. Atanoa hadi lini? Atajuaje kwamba amefika?

Miezi hiyo kazi yake iwe ukanda wa ngozi. Ukanda hauli chuma kama kinoo. Unanyoosha na kusafisha makali yaliyochoshwa na kunyoa. Ufungwe ncha moja kwenye ndoano au kitasa, ncha ya pili ivutwe kwa mkono hadi ukaze. Ukilegea, unabonyea chini ya wembe na kuyaviringisha makali, na hapo unabutua ukidhani unanoa. Wembe ulazwe bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi, kisha uende mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho wa ukanda, ugeuze kwa kuubingirisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Anayekosea hapo huukata ukanda siku ya kwanza, na mkato huo utaugombanisha na wembe kila unapopita. Usikandamize, uzito wa wembe unatosha. Mara 10 hadi 20 kwenye upande wa turubai wa ukanda, kisha 40 hadi 60 kwenye upande wa ngozi, kabla ya kila kunyoa. Wale vinyozi wa sinema wanaopiga ukanda pa-pa-pa wasikushughulishe. Makali hayajui kasi.

Huu si usiri wa mafundi. Mwaka 1769 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu kizima cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe, na humo akaeleza mawe ya kunolea na namna ya kuandaa ngozi. Elimu hiyo ilitoka majumbani baada ya King Camp Gillette kupata hataza za wembe wake wa kubadilishwa, Marekani, mwaka 1904. Tangu hapo butu likawa la kutupwa.

Lakini unywele laini unakishindaje chuma? Mwaka 2020 Gianluca Roscioli na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha jibu katika jarida la Science. Waliangalia nyembe za kutupa zikikata nywele chini ya hadubini ya elektroni, wakakuta makali hayaliki taratibu tu. Hunyofoka vipande vidogo mno, ingawa chuma ni kigumu kuliko unywele kwa takriban mara 50. Hutokea unywele unapopinda na kuukuta ukingo kwa mshazari, hasa mahali palipokwisha kuwa na kasoro. Mimi hapo ndipo ninapopata hoja dhidi ya kinoo cha pupa: jiwe la mikwaruzo huacha kasoro hizo kwa wingi. Napata pia sababu ya kulainisha ndevu kwanza, kwa maji ya moto, sabuni, na dakika mbili tatu za subira. Waliosema "zako tia maji" walikuwa na lao, ila kwa mwenye wembe hayo ni maelekezo ya kazi.

Kuna na hewa yetu ya pwani. Nyembe nyingi za kukunja ni za chuma cha kaboni, na bafu la Tanga au Mombasa halikihurumii. Ukishanyoa, suuza, futa hadi ukauke, pitisha kwenye turubai, paka tone la mafuta ya cherehani, kisha wembe ukalale chumbani.

Kabla wenye saluni hawajanipigia simu: haya ni ya nyumbani, mtu na wembe wake. Ukanda wa ngozi hautakasiki, na virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kinyozi wa watu wengi abaki na wembe mpya kwa kila kichwa, autupe mteja akiona.

Siku wembe utakapoanza kuvuta hata baada ya ukanda, ndipo kinoo kije, na kiwe laini, namba 8000 au 12000. Namba 1000 ni ya kujenga makali upya. Hiyo mwachie fundi. Mkono uliozoea kunoa kisu kwenye kitako cha sahani usahau mazoea yake. Kisu hukiinamisha ukikisia pembe, lakini wembe umebeba kipimo chake: mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe, kama nyuzi 17 kwa wembe wa upana wa milimita 16. Jiwe lenyewe lazima liwe tambarare. Lichore mistari ya penseli, lisugue juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo. Mistari ikifutika yote kwa pamoja, liko sawa. Pitisha wembe kwa wepesi, mara hii makali yakitangulia, kisha uende nao chini ya taa, makali yakitazama juu. Makali mazima hayarudishi mwanga. Panapometameta nukta ndipo palipobutuka au kunyofoka, na nukta ikionekana kwa macho matupu, kinoo laini hakiiwezi. Mpelekee fundi.