Kisigino Huru Hakiokoi Goti

Mwulize mtelezaji theluji wa mtindo wa telemark kwa nini kibanio chake hakifyatuki anapoanguka, naye atakuonyesha kisigino chake. Kiko huru, atakwambia, kwa hiyo goti liko salama. Mambo ya kufyatuka ni ya wale waliofungwa visigino. Jibu hili limerudiwa Norway, Marekani na Ufaransa mpaka likapata heshima ya kanuni. Mimi naliita uzembe uliovishwa joho la busara.

Msomaji ambaye theluji anaijua kwa kuitazama kileleni Kibo anastahili maelezo kwanza. Kibanio ni kile kifaa kinacholishika buti kwenye skii. Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za skii za kilomita 10 akamaliza wa mwisho, huku bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri mstarini ili amkumbatie. Viatu vya Boit vilikuwa vimeshikwa kwa mbele tu, visigino vikiinuka kila anaposukuma hatua. Miaka 20 baadaye Mkenya mwenzake, Sabrina Simader, aliposhuka miteremko ya Olimpiki ya PyeongChang, mabuti yake yalibanwa mbele na nyuma, lakini kwa vibanio vilivyoundwa vimwachie akianguka vibaya. Kwenye skii za aina ya Boit hakuna kufyatuka wala hakuna anayelalamika: skii ni nyembamba, kiatu ni laini, na njia nyingi ni tambarare na vilima. Telemark imechukua kisigino cha Boit ikakipeleka kwenye mteremko wa Simader. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Mtindo wenyewe una asili yake ya kuheshimika. Umepewa jina la mkoa wa Telemark, Norway, alikozaliwa Sondre Norheim mwaka 1825, katika kijiji cha Morgedal. Norheim alifunga miguu yake kwa vitanzi vya vijiti vilivyosokotwa kuzunguka kisigino, na mwaka 1868, akiwa na miaka 42, alikwenda kushindana Christiania, ambayo leo ni Oslo, akawaacha watu wa mjini midomo wazi. Mtelezaji wa telemark hukata kona kwa kutanguliza skii moja, akakunja magoti yote mawili na kuinua kisigino cha nyuma, karibu apige goti. Ukimtazama fundi wake akishuka, hutaki amalize. Sina ugomvi na uzuri huo.

Ugomvi wangu ni na goti. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua, kusokotwa halikuzoea. Na kisigino huru kina uhuru wa namna moja tu, wa kwenda juu na kurudi chini. Ukianguka kifudifudi, mguu unainuka, na muundi unaepuka ile nguvu ambayo ingeuvunjia kwenye ukingo wa buti. Hapo waumini wana haki yao. Lakini ncha ya skii ikinasa kwenye theluji nzito au kwenye mzizi, skii inageuka upande ilhali mwili unaendelea na safari. Sehemu ya mbele ya wayo imebanwa vilevile, skii nzima inakuwa wenzo, na msokoto unapanda kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo, kwenye muundi, kwenye goti. Kisigino, kwa uhuru wake wote, hakina la kufanya. Mguu wa nyuma ndio wa kuhurumiwa zaidi, maana msokoto unaukuta umeshakunjwa na kubeba uzito.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na hili la goti kuwa salama nalo lilikuwapo, ila zamani. Telemark ilipofufuliwa Marekani miaka ya 1970, Crested Butte ya Colorado ikiwa mojawapo ya vitovu vyake, watu waliteleza kwa mabuti ya ngozi yaliyoshikwa na pini tatu kwenye ncha ya soli. Ngozi ilijipinda. Soli ilichanika na kuchomoka kwenye pini, au kibanio kizima kikang'oka na skrubu zake. Buti la ngozi lilikuwa fyuzi: liliungua lenyewe, nyumba ikapona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Scarpa ya Italia ikaleta Terminator, buti la telemark la plastiki. Mwaka 2007 Rottefella ya Norway ikaleta mfumo wa NTN, unaolishika buti hata chini ya wayo, nyuma ya vidole. Skii zikapanuka, springi zikakazwa, mabuti yakapanda juu ya muundi. Kifundo cha mguu kilinufaika, kwa kuwa plastiki inakishika. Lakini fyuzi imeng'olewa, waya mnene umewekwa mahali pake, na watu wangali wanasimulia sifa za fyuzi. Si ajabu kwamba tafiti za majeraha ya telemark zilizochapishwa Marekani zimeliweka goti mstari wa mbele.

Waliofunga visigino walijifunza somo hili mapema, na kwa maumivu. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorway aliyehamia Portland, Oregon, alivunjika mguu akiteleza. Wakati anauguza mguu akabuni kibanio cha kufyatuka, akakipatia hataza mwaka 1939. Leo vibanio vya aina hiyo vina kiwango cha kimataifa, ISO 9462, na vile vya kupandia milima vina ISO 13992. Fundi dukani huvikaza kwa kufuata uzito wa mteja, urefu wake, umri, urefu wa soli na uhodari wake. Kuvunjika kwa muundi kumepungua mno tangu miaka ya 1970. Telemark haina kiwango cha namna hiyo hata kimoja.

Mtetezi wa kisigino huru atadakia: mbona wenye vibanio vinavyofyatuka bado wanakatika ile kano ya goti ambayo wapenzi wa soka wanaijua kwa herufi ACL? Ni kweli. Robert Johnson, Carl Ettlinger na Jasper Shealy, waliofuatilia majeruhi wa Sugarbush, Vermont, tangu mwaka 1972, walionyesha kwamba miundi ilizidi kupona huku kano hiyo ikizidi kukatika. Kibanio cha kawaida kilibuniwa kuulinda mfupa. Goti halikuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo sisemi kwamba kibanio kinachofyatuka ni dhamana ya goti lako. Nasema kwamba tundu kwenye mwavuli wa jirani si sababu ya wewe kutoka kwenye mvua kichwa wazi.

Wengine wana hofu: kibanio kikifyatuka kwenye genge, nitakufa. Hofu hiyo ina msingi, na mtu anayeshuka mahali ambapo kuanguka ni kufa ana ruhusa yangu ya kujifunga. Wangapi wanashuka hapo? Wengi wanaoitaja hoja hii wamepanda kwa lifti na wanashuka kwenda kunywa kahawa. Halafu kuna wenye ushuhuda: nimeteleza miaka mingi, magoti yangu mazima. Ushuhuda huo hutolewa na waliobaki mlimani. Waliokatika kano wako nyumbani, au wamehamia skii za kisigino kilichofungwa, na hakuna anayewauliza.

Hata tukiliacha goti, kuna jambo linaloniondolea subira kabisa. Telemark inapendwa na watu wanaoikimbia miteremko ya hoteli, wanaopanda wenyewe kwa miguu kwenye milima isiyo na lifti wala walinzi. Huko ndiko theluji huporomoka. Anayebebwa na maporomoko hupigana abaki juu, na skii zilizong'ang'ania miguuni humvuta chini na kumsokota viungo kila theluji inapozikamata. Akishafukiwa, kinachoua zaidi ni kukosa hewa. Nafasi yake ya kutolewa hai ni kubwa dakika 10 za kwanza, kisha huporomoka kabla hata nusu saa haijatimia, na kadiri alivyofukiwa chini zaidi ndivyo wenzake wanavyochelewa kumfikia kwa koleo. Mtu anayekwenda huko na kibanio kisichofyatuka hawezi kuniambia habari za goti. Ameweka rehani uhai wake na muda wa wenzake. Na yupo anayenunua kibanio kinachofyatuka, halafu akaifunga skii mguuni kwa kamba ili isimpotee! Huyo amelipa pesa nzuri ili abaki pale pale.

Haiwezi kusemwa kwamba vifaa havipo. Voilé ya Utah imewahi kuuza vibanio vya kufyatuka kwa mabuti ya mtindo wa zamani, na kibanio cha Meidjo cha Ufaransa kinafyatuka upande na kukazwa kumfaa mtu. Kasoro iliyopo ni kwamba namba zilizochapwa juu ya vibanio vya telemark ni neno la kiwanda chenyewe, bila kiwango cha kimataifa cha kukibana. Wanunuzi wakiendelea kuamini kwamba kisigino kinatosha, hakuna kiwanda kitakachojisumbua kudai kiwango hicho, maana nani atatumia fedha kuthibitisha kitu ambacho mteja hakiulizii?

Basi wewe uliyehamia Oslo, Denver au Grenoble, ukavutiwa na kona zile za kupiga goti, jifunze telemark kwa raha zako. Siku ya kununua kibanio, mwulize muuzaji swali moja: skii yangu ikisokotwa upande, buti linatoka? Akikujibu kwa habari za kisigino, tafuta duka lingine.