Jenerike ni nzuri, lakini maneno yameenda wapi?

Mu studio za redio, matangazo na jenerike zinatengenezwa sasa ku ordinatere. Kati ya programu ambazo vijana wa sauti wanapenda kuna zile za kuzungusha fazi, juu zinafanya sauti isikike pana, kama inamzunguka mtu kichwani. Ni kazi nzuri. Lakini msikilizaji wa Alunguli, ngambo ya mto, na posti yake ya pile yenye bafle moja, anaweza kukosa maneno kabisa.

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa, mara mingi kila sekunde. Programu hii haiongezi nguvu wala kupunguza. Inachelewesha tu sehemu fulani za sauti kuliko zingine. Wanahesabu kwa digri. Ku 180, kilichosukuma sasa kinavuta.

Redio zilianza kuzungusha fazi zamani, na haikukuwa mapambo. Sauti ya mtu, zaidi ya mwanaume, mara mingi inapanda upande moja kuliko ingine. Ule upande mrefu unagonga mpaka wa emeteri mbele, basi sauti yote inabaki chini. Leonard Kahn, fundi Mmarekani, alitengeneza mashine ya Symmetra-Peak ili pande zote mbili zilingane. Mtangazaji anabaki yule yule, ila anafika na nguvu zaidi. Kwa redio yenye emeteri ndogo na mafuta ya kuhesabu, hiyo ni faida ya kweli, kupita mapambo yote.

Kwa ubunifu pia iko na mafaa. Ukizungusha sana pigo la ngoma, linalainika, linateleza kama tone la maji. Ukichanganya gitaa ya asili na ile iliyozungushwa, na kuisogeza polepole, unapata ule mwendo wa mawimbi ambao wapiga gitaa wanaujua.

Shida inaanza pale kushoto na kuume zinazungushwa tofauti. FM ya stereo inatuma jumla ya pande mbili, na tofauti yao kando. Posti ya bafle moja inachukua jumla tu. Kushoto kukisukuma na kuume kukivuta, jumla ni sifuri. Hata ku digri 90 sauti inapungua desibeli 3. Mu studio, fundi aliyevaa kaske hasikii kitu chochote kibaya.

Na maneno yanayopotea ni yapi? Tarehe ya chanjo. Alama za kipindupindu. Barabara iliyokatika. Mziki wa chini unabaki ukicheza peke yake.

Maneno yawekwe katikati, bila kuzungushwa kushoto na kuume. Mapambo yaendee mziki. Programu nyingi za kuchanganya sauti ziko na kifungo cha mono, na kukifinya mbele ya kutuma hewani ni kazi ya sekunde chache. Kuna wanaojibu kwamba siku hizi watu wanasikiliza ku simu. Simu nyingi za bei ndogo nazo ziko na bafle moja.