Motari mlevi anashikwa jioni, asubuhi yuko parkingi: nani anamrudishia moto?

Leo siwaletei habari ya mapigano. Nawaletea habari ya pombe na moto. Nitaanza nyumbani kwetu, juu haifai mtu kuonesha uchafu wa jirani na kuficha wa kwake.

Jioni moja mdogo wangu, ambaye ni motari, alishuka mteremko wa Mushaki kuelekea Sake akiwa amekunywa. Kando ya barabara mama mmoja mkimbizi wa vita alikuwa anarudi kambini na mzigo wa kuni mgongoni. Moto ilimgonga, mguu ukavunjika mahali pawili. Mdogo wangu alianguka pia, akatoka na mikwaruzo tu. Kwenye kizuizi walimshika na moto ikabaki pale.

Ni mimi nilienda kuongea. Mimi mwandishi, mwenye kushika mikro na kuwauliza wakubwa maswali juu ya haki. Nilitoa franga mahali zilipoombwa. Tukapeleka mbuzi na pesa ya matunzo kwa familia ya yule mama. Siku ya tatu asubuhi mdogo wangu alikuwa parkingi anaita wateja. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuendesha. Hakuna aliyempima. Hata mimi sikumuuliza.

Baadaye nilienda kambini kwa kazi nikamkuta yule mama. Anatembea na fimbo. Alinitambua. Hakulalamika juu ya pesa wala juu ya mbuzi. Aliniuliza tu: «Papa mwandishi, nani alimupa tena moto?» Nilikosa jibu. Ninayoandika leo ni jibu langu, hata kama limechelewa.

Wengi watasema kwetu hakuna sheria. Si kweli. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile ya barabara, inakataza kuendesha ukiwa umelewa, na inamruhusu muamuzi kumnyima mkosaji haki ya kuendesha kwa muda. Kuna pia CONADEP, tume ya kitaifa ya kutoa permi. Sheria ipo basi, imepita miaka 40. Shida ni njia kutoka kwenye karatasi mpaka Nyabiondo, Kashebere ao Mubi. Motari wengi wa huku hawajawahi kushika permi. Sasa utamnyanganya nini mtu asiyekuwa na kitu?

Kwa hiyo sisi tumetengeneza sheria yetu ya pembeni. Mlevi akishikwa analipa, akilipa anapona. Ile franga ndiyo adhabu, ndiyo muganga, ndiyo permi mpya. Usiku mmoja unatosha kwa yote.

Angalieni wengine wanafanya namna gani. Uingereza, anayehukumiwa kwa kuendesha amelewa ananyimwa permi kwa mwezi 12 kwenda juu. Kama damu yake ilikutwa na miligramu 200 za alkoli ao zaidi ndani ya mililita 100, ao kama ni mara ya pili ndani ya miaka 10, muda ukiisha bado hajapata kitu. Lazima aende kwa muganga aliyechaguliwa na serikali, ajibu maswali juu ya kunywa kwake, atoe damu. Damu ile inaonesha kama wiki zilizopita alikuwa bado anakunywa sana. Akishindwa, anabaki anatembea kwa mguu. Ubelgiji, waliotutawala, muamuzi anaweza kumtuma mkosaji kwa muganga na kwa mtaalamu wa akili mbele ya kumrudishia haki ya kuendesha. Kule pesa haifupishi siku.

Siwaambii tuige vyombo ambavyo hatuna. Nawaambia tuchukue wazo lenyewe, ni jepesi: aliyelewa barabarani anasimamishwa, anapewa muda, anapimwa, kisha anarudi. Tukisema afukuzwe milele, tutamficha, kama nilivyomficha mdogo wangu. Tukimrudisha kesho yake, ataua.

Tena wengi hatujui pombe inakaa mwilini muda gani. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, yenye alkoli asilimia 5, inabeba karibu gramu 28 za alkoli safi. Ini la mtu mzima linaondoa karibu gramu 7 kwa saa moja. Hesabu: chupa moja ni saa nne hivi. Motari aliyekunywa chupa tatu kuanzia saa mbili ya usiku, akapanda moto saa kumi na moja ya asubuhi kupeleka wateja sokoni, bado ana karibu robo tatu ya chupa ndani yake. Atawaambia: «Nililala, niko sawa.» Hayuko sawa. Kahawa haiondoi, maji ya baridi haiondoi, supu ya mbuzi haiondoi. Ni saa tu. Na kasiksi ao kanyanga ni mbaya zaidi kuhesabu, juu hakuna aliyeandika nguvu yake kwenye kidumu.

Nani analipa deni hili? Ni watu wa mguu. Tangu vita itupange kandokando ya barabara, barabara imekuwa uwanja wetu. Watoto wanachota maji kwa kuvuka barabara. Mama wanatoka kutafuta kuni na kurudi giza likiingia. Vijana wa chukudu wanashuka na mizigo, na hawana pa kukimbilia. Aliyekimbia risasi kule kwake, akaacha shamba na ng'ombe, akafika hapa akavunjwa mguu na mlevi, tutamuelezea nini?

Najua majibu yenu, juu nimekwisha kuyasikia parkingi.

La kwanza: «Nchi iko katika vita, wewe unatuletea mambo ya pombe.» Ndugu zangu, vita hatukuianzisha sisi na hatuna uwezo wa kuizima. Chupa ya motari wetu iko mikononi mwetu.

La pili: «Kijana akinyimwa moto, watoto wake watakula nini?» Hili ni swali la kweli. Lakini kusimamishwa kuendesha si kukatazwa kazi yote. Anaweza kubeba mizigo parkingi. Moto inaweza kupewa kijana mwingine, na kinachobaki kisha kumpelekea mwenye moto pesa yake ya jioni, wakigawane. Na tuulize pia yule mama wa kuni: watoto wake walikula nini miezi yote aliyolala?

La tatu: «Wenye kushika wenyewe ndio wanaomba pesa.» Ni kweli. Ndiyo sababu leo siwaongeleshi wao. Naongea na ninyi, mashirika ya wamotari, wakubwa wa parkingi, wenye moto. Jile yenye namba ni yenu. Bila jile yenu kijana habebi mteja parkingi. Ninyi munashika kitu ambacho serikali haijafika kukishika.

Basi naomba hivi. Motari akionekana amelewa, jile inachukuliwa jioni ile ile, na jina linaandikwa kwenye kaye na tarehe. Mara ya kwanza, miezi mitatu. Mara ya pili, mwaka mzima. Kama ameumiza ao ameua mtu, parkingi haihukumu: kesi inaenda kwa haki, na jile inabaki ndani mpaka haki iseme.

Muda ukiisha, aende kituo cha afya. Hatuna mashine za Uingereza, lakini muuguzi wetu ana macho, ana chombo cha kupima presha, anajua kuuliza. Atazame kama mikono inatetemeka, kama macho yanaona vizuri, kama ini limevimba, kama kijana anaamka na kiu ya pombe. Aandike neno moja tu kwenye karatasi: anaweza, ao bado. Mengine ni siri ya mgonjwa, parkingi haina haki ya kuyajua. Akipewa ndiyo, wiki za kwanza aende pamoja na motari mkubwa anayemtazama.

Neno moja kwa familia: aliyezoea kunywa kila siku sana asifungiwe nyumbani aache kwa nguvu siku moja. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuanguka kifafa, na wengine wanakufa. Apelekwe kwa muganga kwanza. Ni ugonjwa, na unatunzwa.

Na wewe mteja, usinyamaze. Ukisikia harufu, shuka. Bora uchelewe Masisi-centre kuliko ufike juu ya kipoyi.

Mwisho, nirudi nyumbani. Mwezi uliopita tulikaa kama familia, nikamwambia mdogo wangu mbele ya mama yetu kwamba nilikosea kumtoa vile. Alikasirika sana, akaniambia: «Yaya, unaniuza?» Nilimjibu kwamba siku ile nilimuuza kweli, kwa kumuacha arudi barabarani vile alivyokuwa. Siku tatu hakunisalimia. Ya ine alileta ufunguo wa moto. Tulienda wote kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akamuuliza maswali mengi nikiwa nje, kisha akaandika: bado. Arudi kisha miezi miwili.

Moto sasa inaendeshwa na jirani, na wanagawana. Mdogo wangu anabeba mizigo, anaona haya, na watu wanamcheka. Nawaomba musimcheke. Kama munataka kucheka, municheke mimi niliyekwenda kizuizini na franga mfukoni.

Na kule kambini nilirudi kumuona yule mama, nikampa jibu: «Mama, ni mimi nilimupa tena moto.» Aliniangalia, akanionesha kibao, akaniambia nikae.

Wakubwa wa parkingi za Sake, Mushaki, Kitchanga, Masisi-centre, Kibua na Walikale-centre, swali lile sasa liko kwenu. Nitapita na mikro kuwauliza, na nitaomba munioneshe kaye.