Kabla hujafungia nduthi yako kabureta kubwa, piga hesabu hii

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA ikitangaza bei mpya ya mafuta, swali linalosikika gereji ni lile lile: nifunge nini hii nduthi ipunguze kunywa? Swali lina maana. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita ya petroli ikavuka Sh200 Nairobi. Bei ilishuka baadaye, ila mazoea ya kuhesabu kila tone yalibaki.

Shida iko kwenye majibu unayopewa. Ukienda kutafuta spea Kirinyaga Road utaonyeshwa kabureta kubwa kuliko iliyokuja na nduthi, chujio la hewa lenye umbo la koni, na sailensa ya kelele. Zote zinang'aa. Lakini kama nduthi yako ni ya kazi na uliinunua ikiwa imetumika, vitu hivi vitatu vinaweza kukula mfuko zaidi.

Kabureta hufanya kazi hivi: hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake jembamba, hufyonza petroli kupitia tundu dogo la jeti. Panua hilo koo bila kugusa injini, na kasi ya hewa inashuka, hasa ukiwa gia za chini ndani ya jam. Petroli inaingia kama matone badala ya ukungu, na nyingine inatokea sailensa bila kuchomeka. Chujio la koni nalo linaachilia hewa nyingi. Usipobadilisha jeti, mchanganyiko unakosa petroli, injini inashika joto, na pistoni ikiungua, buda, hiyo ni injini ya kufunguliwa. Ukiweka jeti kubwa, basi umejinunulia kiu zaidi.

Halafu kuna urefu wa mahali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Eldoret zaidi ya 2,000. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Nduthi iliyowekwa jeti ya kufaa Mombasa ikiletwa Eldoret inaendelea kumwaga petroli nyingi kwenye hewa pungufu. Fungua plagi uangalie. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi, weupe ni petroli kidogo, rangi ya chai ya maziwa uko sawa. Dawa ya masizi inaweza kuwa jeti ndogo kidogo, si kabureta nzima.

Sasa pesa. Chukulia unaenda kilomita 120 kwa siku na lita ni Sh180. Nduthi inayoenda kilomita 40 kwa lita inakunywa lita 3. Inayoenda 50 inakunywa 2.4. Tofauti ni Sh108 kwa siku, karibu Sh2,800 kwa siku 26 za kazi. Na kama bado unailipia kwa mkopo, nduthi ikilala gereji, malipo ya siku hayalali.

Pengo hilo mara nyingi liko kwa vitu vya kawaida: kabureta chafu, chujio lililoziba vumbi, valvu ambazo hazijarekebishwa, tairi zenye upepo kidogo, cheni kavu, breki inayoshika bila wewe kuikanyaga. Angalia pia ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, injini inavuta hewa ya pembeni na fundi atalaumu jeti bure. Wengine huongeza jino moja kwa sproketi ya mbele. Barabara tambarare inasaidia, lakini ukibeba abiria wawili mlimani (na najua unabeba) utaichoma klachi.

Pesa za kununua kitu kipya zikipatikana, mimi ningeanza na shoki za nyuma. Zikichoka na kuvuja oili, gurudumu linarukaruka kwenye matuta, na ukishika breki likiwa hewani hakuna kinachosimama. Usikimbilie ngumu kabisa za kubeba mizigo, zitakutwanga mgongo ukiwa peke yako. Na kabla ya kulipa, jaribu zilizopo kama hazivuji: nyingi zina pete yenye ngazi chini ya springi. Panda ngazi moja, pande zote mbili sawa, kisha uiendeshe siku nzima ukiwa na abiria.